Divai ya Mseto na Kapu la Maharage la Busasamana

Busasamana ya Rubavu, si ile ya Nyanza kule kusini, si nchi ya mzabibu wa divai, na sababu yake haihitaji profesa. Mzabibu hutaka kulala. Ulaya hulazwa na baridi ya miezi kadhaa. Dodoma, ambako Watanzania huweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hulazwa na kiangazi kirefu na mkasi wa mpogoaji. Kwenye miteremko hii ya udongo mweusi wa volkano, inayotazamana na Kongo, mvua haikai mbali kwa muda mrefu, na unyevu unaoneemesha viazi na maharage huneemesha pia kuvu wa zabibu. Kwa hiyo divai nyekundu ya Ufaransa mtu huikuta kule chini, Gisenyi, kwenye hoteli za ufukwe wa Ziwa Kivu na kwenye maduka yaliyo karibu na mpaka wa Goma. Chupa huwa na jina la ukoo au la shamba, mchoro wa nyumba ya mawe na mwaka wa mavuno. Jina la zabibu mara nyingi halimo. Mteja akiuliza ni zabibu gani, anajibiwa kwamba ni mchanganyiko, na hapo uso wake unabadilika.

Uso huo una haki ya kubadilika. Katika Kiswahili cha sokoni, kuchanganya ni jirani wa kuchakachua: petroli iliyotiwa mafuta ya taa, maziwa yaliyotiwa maji, asali iliyotiwa sukari. Kitu safi ni kitu kimoja. Kilichochanganywa kina siri. Lakini Kiswahili hichohicho kina neno jingine, mseto, lisilo na aibu yoyote. Mseto ni mchele na choroko katika chungu kimoja, ni mazao mawili katika shamba moja, ni serikali ya vyama ambavyo hakuna kimoja kilichoweza kutawala peke yake. Divai nyekundu ya familia ya Kifaransa ni mseto kwa maana hii ya pili, na chanzo chake si mwonjaji mwenye ulimi mwepesi aliyekuwa akitafuta ladha ya ajabu. Chanzo chake ni mkulima aliyeogopa kupoteza mavuno yote usiku mmoja. Ladha ilifuata baadaye, ikawa faida juu ya tahadhari. Mkulima wa Busasamana anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko mhudumu wa hoteli, hata kama hajawahi kuonja divai na, ikiwa ni Mwislamu, hana nia ya kuionja.

Tuchukue Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa kuwa mseto wake umeigwa pande nyingi za dunia. Divai nyekundu ya huko hutokana hasa na zabibu tatu, Merlot, Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc, na mara nyingine Petit Verdot au Malbec kwa kiasi kidogo. Merlot ina nyama laini na sukari nyingi, hivyo hutoa divai nono, yenye kileo zaidi, isiyokwaruza koo. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo zenye ganda nene, na kwenye ganda ndiko iliko tanini, ule ukakasi unaokamata ulimi kama wa ndizi mbichi au wa chai iliyosahauliwa jikoni. Ukakasi huo ndio unaoisaidia divai kukaa miaka mingi bila kuchakaa. Cabernet Franc huleta harufu. Petit Verdot, rangi na uchachu. Hapa kuna jambo la kufurahisha kidogo. Mwaka 1997 John Bowers na Carole Meredith, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walionyesha kwa vipimo vya vinasaba kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na zabibu nyeupe iitwayo Sauvignon Blanc. Baadaye ikabainika kwamba Cabernet Franc ni mzazi wa Merlot pia. Ndani ya chupa moja, basi, mna mzazi na watoto wake wawili.

Watoto hao hawaamki saa ileile. Merlot huchipua mapema na kuiva mapema, na huvumilia udongo wa mfinyanzi ulio baridi. Cabernet Sauvignon huchelewa wiki moja, mbili au zaidi, na hutaka changarawe inayohifadhi joto la jua. Jalidi likishuka mwezi wa Aprili, Merlot iliyokwisha kuchipua huungua, wakati Cabernet ambayo bado imelala ina nafasi ya kupona. Mvua ikinyesha mwishoni mwa msimu, Merlot imekwisha kuingia kwenye tangi na Cabernet ndiyo inayooza nje. Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 1984 maua ya Merlot yalipukutika karibu yote kabla ya kufunga punje, na divai nyingi za Bordeaux za mwaka huo zikasimama kwa mguu wa Cabernet. Februari 1956 baridi iliua mizabibu yenyewe, na pigo lilikuwa zito upande wa Pomerol na Saint-Émilion, ambako Merlot ndiyo mfalme. Jalidi lilirudi Aprili 2017, likarudi tena Aprili 2021. Familia yenye hekta chache haina kampuni mama ya kuifidia. Bima yake ya kwanza ni kalenda: kupanda zabibu ambazo hazitakuwa hatarini usiku uleule.

Sasa turudi Busasamana na kufungua kapu la mbegu. Kwa vizazi vingi wakulima wa Rwanda hawakupanda aina moja ya maharage, walipanda mchanganyiko, na aina katika shamba moja ziliweza kufika 20 na zaidi: nyekundu, njano, nyeusi, zenye madoa, fupi na ndefu. Mgeni alipoona kapu hilo alidhani ni uzembe wa kutochambua. Haukuwa uzembe. Aina moja ilihimili mvua nyingi, nyingine ukame, nyingine ugonjwa wa majani, nyingine iliiva mapema kuziba pengo la njaa kabla ya mavuno makuu. Wanawake, ambao kwa kawaida ndio waliotunza mbegu, walibadilisha uwiano kulingana na msimu na kipande cha shamba. Mchanganyiko wa udongo uliochoka haukuwa ule wa chini ya migomba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Louise Sperling na wenzake walilichukulia jambo hili kwa uzito. Waliwaalika wanawake mabingwa wa maharage katika kituo cha utafiti cha Rubona wachague wenyewe kutoka katika aina zilizokuwa bado majaribioni, na katika mashamba yao hao wanawake chaguo zao zilifanya vizuri kuliko zile za wataalamu. Walichokuwa nacho ambacho wataalamu hawakuwa nacho ni kumbukumbu ya vipande vyao vya ardhi, kila kimoja na tabia yake.

Kumbukumbu kama hiyo ndiyo mtaji wa familia ya mizabibu. Zabibu za kila kipande huvunwa kivyake, huchachushwa kivyake na kuhifadhiwa kivyake, katika matangi au katika mapipa ya mwaloni ambayo Bordeaux huchukua lita 225. Mseto hauanzi siku ya mavuno. Huanza majira ya baridi, divai changa zikishatulia, pale wanafamilia, na mara nyingi mshauri wa kulipwa, wanapokaa mezani na vikombe vya vipimo kama vya maabara. Wanachota kiasi hiki kutoka tangi la Merlot ya mfinyanzini, kiasi hiki kutoka Cabernet ya changaraweni, wanaonja, wanatema, wanaandika, wanaanza upya. Tangi lililo zuri peke yake huweza kuharibu mseto. Lililo baya kidogo peke yake huweza kuukamilisha, kama limau ambalo hakuna anayelila kwa starehe lakini mchuzi haukai bila lenyewe. Tangi lisilofaa huwekwa kando kwa chupa za bei ya chini au huuzwa kwa jumla. Kusini zaidi, Châteauneuf-du-Pape, sheria inaruhusu zabibu 13 kwa hesabu ya jadi, na familia ya Perrin ya Château de Beaucastel, shamba ambalo limekuwa katika ukoo wao tangu 1909, imezipanda zote 13. Mfanyabiashara wa haraka angeona huo ni wazimu. Mwanamke mwenye kapu la maharage asingeshangaa.

Pingamizi la kwanza ni zito na halifai kupitiwa juu juu: historia ya divai ya Ufaransa imejaa mchanganyiko ambao ulikuwa wizi mtupu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa wakitia divai nzito ya bonde la Rhône katika divai yao nyembamba, na wanywaji Waingereza wakasifu nguvu ya Bordeaux. Kisha divai nzito kutoka Algeria iliyokuwa koloni ikabeba divai dhaifu za bara kwa miongo mingi, hadi uhuru wa 1962 ulipoikata njia hiyo. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, wakiongozwa na Marcelin Albert, waliandamana kwa malaki kwa sababu divai ya maji na sukari, pamoja na wingi wa divai sokoni, ilikuwa imeua bei ya jasho lao. Serikali ilituma jeshi, watu wakafa, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria dhidi ya kutia maji na sukari kupita kiasi. Ukiyatazama matukio hayo kwa makini, hata hivyo, mchanganyaji hakuwa mkulima. Alikuwa mtu wa ghala, aliyechanganya asichokipanda na kuficha kilikotoka. Tofauti kati ya mseto na uchakachuaji haiko katika idadi ya vitu ndani ya chupa, iko katika mambo mawili: je, vilitoka katika shamba lililotajwa, na je, anayeuza yuko tayari kusema? Ndiyo maana maneno madogo ya Kifaransa kwenye lebo yana thamani kuliko mchoro wa nyumba. «Mis en bouteille au château», au «à la propriété», maana yake chupa imejazwa palepale zabibu zilipokomaa. Na tangu taasisi iliyokuja kuitwa INAO ilipoundwa mwaka 1935, kila eneo lenye jina linalolindwa lina orodha ya zabibu zinazoruhusiwa. Mseto una mipaka, na mipaka imeandikwa.

Pingamizi la pili hutoka Burgundy, mkoa mwingine wa divai wa Ufaransa. Huko divai nyekundu kwa jumla ni Pinot Noir peke yake, na ni miongoni mwa divai ghali kuliko zote duniani. Mwaka 1395 Mtawala Philip wa Burgundy alifikia hatua ya kuiharamisha Gamay, zabibu yenye kuzaa sana, ili isiichafulie Pinot jina. Ikiwa usafi unalipa hivyo, mseto wa nini? Jibu liko kwenye ramani ya mashamba. Sheria ya urithi ya Napoleon ilitaka watoto wote wagawiwe, na baada ya vizazi kadhaa familia ya Burgundy ikajikuta na mistari mitano hapa, kumi kule, mingine kijiji cha tatu. Clos de Vougeot, shamba moja lililozungushiwa ukuta, lina hekta 50 hivi na wamiliki wapatao 80. Mvua ya mawe ikipiga kilima kimoja, huweza kukiacha kilima cha pili. Burgundy nayo ina mseto, ila wake ni wa vipande vya ardhi badala ya zabibu. Mkulima wa Rubavu, ambaye urithi umemwachia vipande vitatu vilivyotawanyika katika miinuko tofauti, anakijua kitu hicho bila kukiita kwa Kifaransa. Tena wapenda usafi husahau kwamba tangu mdudu wa filoksera alipoanza kula mizizi ya mizabibu ya kusini mwa Ufaransa katika miaka ya 1860, mizabibu mingi mno ya Ulaya imepandikizwa juu ya mizizi ya asili ya Marekani. Pinot iliyo safi kabisa ina miguu ya mgeni.

La tatu ni pingamizi la nyumbani. Mwaka 2007 Rwanda ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuongeza mavuno: mashamba madogo yaunganishwe kwa matumizi, kila eneo lilime mazao yaliyochaguliwa, mbegu bora na mbolea zifuate. Mavuno ya mazao kadhaa yalipanda kweli, na katika nchi yenye watu wengi na ardhi haba si haki kulicheka jambo hilo. Lori la viazi linataka viazi vya aina moja. Mnunuzi wa Kigali hataki kapu la rangi ishirini. Hoja hii ina nguvu, lakini ina shimo lililochimbwa papa hapa wilayani. Mwaka 2005 mnyauko wa migomba, ambao Wanyarwanda huuita kirabiranya, ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, na mahali penyewe palikuwa upande wa Cyanzarwe, jirani kabisa na Busasamana. Ugonjwa huo huenezwa na wadudu wanaotembelea maua ya mgomba na visu visivyosafishwa, na kayinja, ndizi ya pombe, ni miongoni mwa zinazoshambuliwa kwa urahisi zaidi. Aliyekuwa na kayinja tupu alipoteza kila kitu kwa pamoja. Soko linaadhibu utofauti kila wiki, pole pole. Ugonjwa unaadhibu ufanano mara moja, kwa jumla. Mkulima mwenye busara huhesabu adhabu zote mbili, na familia za Bordeaux zimetafuta njia ya kuziponyoka kwa hila moja: shambani zinabaki na aina nyingi, sokoni zinapeleka chupa moja. Mnunuzi anapata kitu kilekile kila mwaka, au karibu kilekile, na mkulima hajaweka mayai yote katika kapu moja. Viazi haviwezi kufanyiwa hivyo. Kinywaji kinaweza.

Na Rubavu ina kinywaji chake. Urwagwa, ambao vitabu huuita bia ya ndizi ingawa kwa haki ni divai, kwa kuwa ni maji ya tunda yaliyochacha, ni mseto tangu mwanzo. Ndizi huivishwa siku kadhaa ndani ya shimo lenye joto, humenywa, hukandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, huchujwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Ndizi huleta sukari; mtama husaidia uchachu na kuleta rangi na ladha. Ukiongezwa asali unapata inkangaza, kinywaji cha heshima. Kila nyumba ilikuwa na uwiano wake, na majirani walijua urwagwa wa nani ni mtamu. Kilichoharibu jina la kinywaji hiki si mtama wala asali. Ni pale chupa zilipoanza kuandikwa divai ya ndizi huku zikiwa na sukari ya dukani na vitu visivyotajwa, mpaka mamlaka zikawa zinafunga viwanda na kumwaga shehena. Ni Languedoc ya 1907 tena, mchanganyaji akiwa si mpandaji. Anayetaka kuuza urwagwa wa Rubavu katika hoteli za Gisenyi hahitaji kuiga mchoro wa nyumba ya mawe. Anahitaji kuandika ndizi zilitoka kilima gani, ni za aina gani, na nani alizikanda, jambo ambalo halimgharimu chochote isipokuwa ukweli.

Huko Bordeaux kwenyewe kapu limefunguliwa upya. Joto limeongezeka, Merlot inaiva mapema mno na kupandisha kileo, na wakulima wameanza kutafuta wenzi wapya wa mseto. Mwaka 2021 INAO iliidhinisha zabibu sita kwa majaribio katika divai za kawaida za Bordeaux, nne nyekundu na mbili nyeupe. Nyekundu ni Touriga Nacional kutoka Ureno; Marselan, iliyozalishwa Ufaransa mwaka 1961 kwa kuoanisha Cabernet Sauvignon na Grenache; Arinarnoa; na Castets, zabibu ya zamani ya maeneo hayohayo iliyokuwa imeachwa hadi ikakaribia kutoweka. Mkulima haruhusiwi kuzipa zaidi ya asilimia 5 ya shamba lake wala asilimia 10 ya mseto wake. Hiyo Castets ilitufikia kwa sababu kuna waliobaki na mashina yake wakati hayakuwa na faida yoyote, jinsi mwanamke wa Busasamana anavyobakiza kiganja cha maharage yasiyozaa sana. Majina ya zabibu hizo mpya hayaruhusiwi kuandikwa kwenye lebo. Chupa ya kwanza yenye Castets itakayofika Gisenyi itauzwa bila mtu kujua, na atakayeuliza ni zabibu gani ataambiwa, kama kawaida, kwamba ni mchanganyiko.